PLL au NLL: kijana anayetaka kuishi kwa lakrosi aende ligi ipi?

Dada yangu alimsikiliza mwanawe hadi mwisho. Kijana alieleza ligi ya kiangazi, akaeleza ya majira ya baridi, akataja wachezaji kana kwamba wamekua naye mtaa mmoja. Alipomaliza, mama mtu akauliza: "Haya, Jumamosi unacheza. Jumatatu je, unaamkia wapi?" Kijana akanigeukia. "Mjomba, mwambie basi."

Siku ile sikuwa na la kumwambia. Tunaishi Buffalo, jimbo la New York, mji ambao Kiswahili cha Uvira na cha kambi za Kigoma unakisikia kwenye basi na kwenye foleni ya duka la unga wa muhogo. Ni mji ambao pia, Jumamosi za Januari, theluji ikiwa magotini, watu zaidi ya elfu kumi na tano hujaa ukumbini kutazama lakrosi, mchezo wa timu mbili zinazorusha mpira mdogo kwa fimbo zenye wavu kichwani hadi golini. Mpwa wangu ana miaka 17. Fimbo aliipata shuleni akiwa mdogo na hajaiweka chini tangu hapo. Ukuta wa gereji yetu umejaa madoa ya mpira kama uso wenye ndui. Nimelizungusha swali la mama yake kichwani kwa miezi, na nimeona ndilo kipimo kinachozitenganisha ligi hizi mbili vizuri kuliko takwimu za mabao.

Ligi zenyewe ni hizi. PLL (Premier Lacrosse League, ya Marekani) inachezwa nje, kwenye nyasi, kumi kwa kumi, kuanzia mwisho wa Mei au Juni hadi Septemba. NLL (National Lacrosse League, ya Marekani na Kanada) inachezwa ndani, wakimbiaji watano na kipa kila upande, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha mtoano. Nikisema "nje" nina maana ya PLL, nikisema "ndani" au "boksi" nina maana ya NLL.

Mchezo mmoja, kazi mbili

Wenye mchezo ni Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini ambao vitabu vingi vinawaita Iroquois. Waliucheza kabla Marekani na Kanada hazijakuwa nchi, na mpaka leo kwao ni dawa: mgonjwa anaweza kuchezewa mechi kama kwetu anavyoweza kusomewa dua. Fimbo za asili walizipinda kwa mti wa hikori. Huo ndio mchezo wa nje, uwanja mpana, watu wengi.

Boksi ni mtoto wa biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wenye kumbi za hoki ya barafu kule Kanada walikuwa wanatazama majengo yao yakikaa matupu kiangazi kizima. Wakachukua lakrosi, wakaiingiza ndani ya kuta za hoki, wakapunguza wachezaji, na mchezo ukashika moto. Leo barafu ya hoki hufunikwa, linatandikwa zulia la nyasi bandia juu yake, na kuta zinabaki palepale. Mpira ukigonga ukuta unarudi mchezoni. Mchezaji akigonga ukuta, naye anarudi mchezoni, ila taratibu kidogo.

Kutoka kwenye kiti cha mtazamaji, tofauti iko hivi. Nje, goli ni mraba wa futi sita kwa sita, karibu mita 1.8 kila upande. Beki ana fimbo ndefu inayoweza kufika futi sita, mshambuliaji ana fupi, na kuna viungo wanaokimbia mbele na nyuma. PLL imechora pia mstari wa mbali: ukifunga kutoka nyuma yake unapata pointi mbili. Ndani, goli halifiki mita moja na nusu kwa upana na kwa kwenda juu ni kama mita 1.2. Fimbo zote ni fupi, na timu ina sekunde 30 za kupiga ikishapata mpira. Kitu kinachowashtua wageni zaidi ni kwamba beki wa ndani anaruhusiwa kushika fimbo kwa mikono miwili na kukusukuma nayo mgongoni na mikononi. Nje hiyo ni faulo. Mpwa wangu alirudi kutoka kambi yake ya kwanza ya boksi akiwa na alama za rangi ya bilinganya kuanzia begani hadi kiwiko, na alizionyesha kwa fahari kama mtu aliyechanjwa.

Ukitaka kuona kwamba hizi ni kazi mbili, watazame makipa. Kipa wa nje anavaa kofia, kinga ya kifua na glovu, basi. Goli lake ni kubwa na anategemea wepesi wa mikono. Kipa wa ndani anavaa mikinga minene hadi anafanana na godoro lililosimama, kwa sababu goli ni dogo na kazi yake ni kuliziba kwa mwili. Blaze Riorden ni kipa wa nje aliyeisaidia Chaos kuchukua ubingwa wa PLL mwaka 2021. Ndani yeye si kipa kabisa. Alicheza NLL kama mshambuliaji. Kwa upande mwingine yuko Dillon Ward, ambaye mwaka 2022 alikaa golini Colorado Mammoth walipotwaa NLL, na miezi michache baadaye akakaa golini Waterdogs walipotwaa PLL. Watu kama Ward ni wachache mno kuwekwa kwenye mipango ya familia.

Jumatatu

Mtu wa kumtazama hapa ni John Tavares (si yule wa hoki, yule ni mpwa wake). Alicheza Buffalo Bandits misimu 24, tangu 1992 hadi 2015, na wengi wanamtaja kuwa bora wa wakati wote wa boksi. Na miaka hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari Mississauga, Ontario. Fikiria wanafunzi wake: Jumamosi usiku mwalimu anashangiliwa na ukumbi mzima upande wa pili wa mpaka, Jumatatu asubuhi anasahihisha milinganyo. Baadaye akawa kocha wa Bandits, na chini yake timu ikabeba kombe miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025.

Tavares hakuwa wa ajabu kwa hilo. NLL imejengwa juu ya mwisho wa wiki. Mechi 18 za msimu wa kawaida, nyingi Ijumaa na Jumamosi. Mchezaji anasafiri, anafanya mazoezi mafupi, anacheza, anarudi nyumbani Jumapili. Wengi hawaishi hata kwenye mji wa timu yao. Hapa kwetu kuna wanaovuka daraja la Peace Bridge kutoka Ontario na kurudi usiku uleule. Walimu, wazima moto, polisi, mafundi umeme: ndio mabingwa wenyewe. Ligi inalijua hilo na haioni haya.

PLL ilianza na ndoto nyingine. Paul Rabil, aliyekuwa mchezaji maarufu kuliko wote wa nje, aliianzisha mwaka 2018 pamoja na kaka yake Mike, na msimu wa kwanza ukachezwa 2019. Ahadi ilikuwa kumfanya mchezaji awe mchezaji: mshahara mzuri kuliko wa ligi iliyotangulia, bima ya afya, na hisa ndani ya kampuni. Timu hazikuwa na nyumbani; ligi nzima ilihama mji hadi mji kama maonyesho ya sarakasi, wiki hii Boston, wiki ijayo kwingine. Mwaka 2024 timu nane zilipewa miji, lakini desturi ya kukusanyika sehemu moja mwisho wa wiki imebaki. Msimu wa kawaida una mechi kumi tu.

Sasa Jumatatu ya mchezaji wa PLL ikoje? Kiangazi anafanya mazoezi na kufundisha watoto kambini. Kuanzia Oktoba hadi Mei, hana mechi za msimu wa kawaida. Hapo ndipo wengi hufanya kazi ya ukocha vyuoni, na hili sikulijua mpaka nilipozipanga kalenda mezani kama karata: msimu wa vyuo vya Marekani ni Februari hadi Mei. Unaingiliana na NLL moja kwa moja, wala haugusani sana na PLL. Kwa hiyo kijana anayetaka kuja kuwa kocha wa chuo, nje kunamfaa na ndani kunambana. Mwalimu wa shule anaweza zote mbili, ndani kwa mwisho wa wiki, nje kwa likizo ndefu. Fundi mwenye mwajiri mkali wa kiangazi, msimu wa ujenzi huo, ni bora akae ndani.

Nilimwambia dada: chagua kazi ya Jumatatu kwanza, ligi itajichagua yenyewe. Akasema hilo alilijua tangu mwanzo.

Hela

Tusidanganyane. Katika ligi zote mbili mchezaji wa kawaida hulipwa makumi ya maelfu ya dola kwa msimu, na mchezaji wa msimu wa kwanza NLL mara nyingi hafikishi elfu 20. Kodi ya nyumba Boston au Vancouver itaimaliza kabla ya Machi. Nje hulipa vizuri kidogo kwa mechi chache, na bima ya afya si jambo dogo Marekani, nchi ambayo kuvunjika kidole kunaweza kukuachia bili ya bei ya gari. Kanada mwenye kadi ya afya ya jimbo halali macho kwa hilo, na nadhani ndiyo sababu mojawapo inayowafanya vijana wa Kanada kuridhika na mshahara mdogo wa boksi.

Rabil mwenyewe, tajiri wa mchezo huu, kipato chake kikubwa kilitoka kwenye matangazo ya vifaa, wala si kwenye mshahara. Kijana wa pili, wa tatu na wa mia kwenye orodha hatapata mkataba wa matangazo. Atapata kambi za watoto, masomo ya mtu mmoja mmoja kwa saa, na pengine punguzo la glovu. Masomo hayo ya saa, kwa mtu mwenye jina, huweza kuleta pesa nzuri, na nje kuna faida hapa: familia zenye uwezo za Maryland na Long Island hucheza lakrosi ya nje, na wao ndio wateja.

Mlango wa kuingilia

PLL huchukua vijana kwa drafti, si ile ya vifuniko vya soda kibarazani, bali siku ambayo timu huchagua wahitimu wa vyuo kwa zamu. Wanaochaguliwa ni thelathini na kitu kwa mwaka, na kuchaguliwa si kupata namba. Timu ni nane, kila moja ina wachezaji kama 25. Hesabu mwenyewe: nafasi kama mia mbili dunia nzima. Njia ni moja, chuo kikubwa: Syracuse, Johns Hopkins, Maryland, Virginia, Duke, Notre Dame na wenzao.

Hapa wazazi wetu wengi hukosea. Wanasikia "ufadhili wa michezo" wanawaza chuo bure. Lakrosi si mpira wa kikapu. Fungu hukatwa vipande, kijana anapewa robo au nusu ya ada. Lakini vyuo vya Ivy League, kama Cornell na Princeton, havitoi kabisa ufadhili wa michezo; vinatoa msaada kwa kuangalia hali ya familia. Mtoto wa mama anayefanya usafi hospitalini anaweza kulipiwa karibu yote pale, kuliko chuo kinachomtaka kwa mabao. Na Cornell ndiyo iliyokuwa bingwa wa vyuo mwaka 2025, kwa hiyo usidhani ni kukubali kushuka.

NLL ina milango miwili. Mmoja ni huohuo wa chuo. Mwingine ni wa Kanada: watoto wanaanza boksi wakiwa wadogo, wanapanda ligi za vijana, wanakwenda ligi za wakubwa za kiangazi zinazogombea Kombe la Mann, na timu za NLL zinawaona huko. Huhitaji shahada, ila unahitaji kukulia kwenye ule ukuta.

Au pengine si lazima sana. Tom Schreiber ni Mmarekani wa Long Island aliyesoma Princeton na kukulia nje. Aliingia Toronto Rock akiwa mtu mzima, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza NLL. Mwaka 2018, fainali ya dunia dhidi ya Kanada, alifunga bao la ushindi la Marekani sekunde ya mwisho. Wa upande wa pili ni Jeff Teat, mtoto wa Brampton kule Kanada, baba yake mchezaji wa boksi, kisha Cornell. Alichaguliwa wa kwanza kabisa NLL mwaka 2020, na wa kwanza kabisa PLL mwaka 2021. Ukiniuliza mimi, wanaotoka ndani kwenda nje wanahama kwa urahisi zaidi: mtu aliyejifunza kufunga kwenye goli dogo huku anasukumwa mgongoni, mpe goli la futi sita na nafasi ya kupumua, anacheka.

Mwili

Nje inakula misuli ya paja na kifundo cha mguu. Ni mbio nyingi, jua la Julai, mpira unaoweza kupigwa kwa kasi inayovuka kilomita 160 kwa saa. Ndani inakula mikono, mbavu na mgongo. Ajabu ni kwamba boksi linatunza wazee. Vipindi vya kuwa uwanjani ni vifupi, unatoka unapumua, na akili ya nafasi inalipa kuliko miguu. Matt Vinc, aliyezaliwa 1982, ndiye aliyekuwa golini Buffalo ilipobeba kombe la 2025. Nje sijaona kipa wa umri huo akibeba timu.

Kuna pia ngumi. Ndani wachezaji wakipigana hupewa adhabu ya dakika tano na umati husimama kushangilia. Dada yangu aliliona hilo mara moja kwenye simu ya mwanawe, akatoka chumbani bila kusema neno.

Timu ikihama, ligi ikifa

NLL ni ya zamani. Ilianza kucheza 1987 kwa jina jingine, na imezoea kuzika na kuzaa. Edmonton Rush walitwaa ubingwa 2015 na mwaka huohuo wakahamia Saskatchewan. Panther City ya Texas ilifungwa 2024. New York Riptide, timu ya Teat, ilihamia Ottawa mwaka huohuo. Albany ikafuata kwa kuhamia Oshawa 2025. Mchezaji anayeishi kwake na kusafiri Ijumaa hapati hasara kubwa timu ikihama, anabadilisha tu uwanja wa ndege. Aliyenunua nyumba ndiye anayelia.

Nje, ligi iliyotangulia, MLL, ilicheza tangu 2001 na mwisho wa 2020 ikamezwa na PLL. Wachezaji wengi wakabaki bila timu kwa sababu nafasi zilipungua. PLL ikiyumba, hakuna ya pili ya kukimbilia nje. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko mshahara.

Olimpiki imeleta jambo jipya. Lakrosi inarudi Los Angeles 2028, baada ya kutogombewa medali tangu London 1908, lakini kwa mtindo wa sita kwa sita, uwanja mdogo wa nje, saa ya sekunde 30. Huo ni mchezo wa watu waliokaa ndani na nje pia, wanaojua kushambulia na kukaba. Kinachonisikitisha ni kwamba Wahaudenosaunee wenyewe hawana uhakika wa kushiriki kama taifa, kwa kuwa hawana kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya dunia Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa pasipoti zao. Mtu anayealikwa harusini kwake mwenyewe na kuambiwa mlango umefungwa. Wengi wetu hapa Buffalo tunalijua suala la karatasi, sihitaji kulieleza zaidi.

Na timu ya taifa si ajira. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wanaume, Denver 2014. Kijana mwenye asili ya huko anaweza kuota jezi hiyo, na aote, ila asiiandike kwenye safu ya mapato.

Kwa wasichana maelezo ni mafupi kwa sababu milango ni michache. PLL ilianzisha ligi ya wanawake, WLL, mwaka 2025 kwa timu nne, mtindo wa sita kwa sita. Chuo kwao ndiyo kilele halisi kwa sasa, na msaada wa chuo ndiyo malipo makubwa watakayopata kutokana na fimbo.

Ningemwambia nini

Mtoto wa Marekani anayekwenda chuo na anayetaka ukocha au kazi ya ofisini: PLL, na acheze boksi misimu ya baridi ya utoto wake kwa ajili ya mikono. Mtoto wa Ontario au British Columbia mwenye ufundi mkononi au anayetaka ualimu: NLL, bila kuona aibu kwamba analipwa kidogo. Mwenye kipaji cha Teat acheze zote, kalenda zinamruhusu, ila ajue anaupa mwili wake likizo ya wiki chache tu kwa mwaka.

Mpwa wangu ni wa kundi la kwanza, ingawa moyo wake uko ndani. Amejaza maombi ya vyuo vitano. Kwenye nafasi ya fani aliyoitaka ameandika ualimu wa hesabu, na mama yake alipoiona hiyo karatasi mezani aliigeuza, akaisoma tena, akamwuliza Tavares alisomea wapi.